Ni nini kinachotetemeka? Mwongozo kamili wa kuzijua koo za ala za muziki na kuchagua yako hapa Dar

Jumamosi mchana simama kituoni Magomeni Mapipa, usubiri msafara wa harusi. Mbele utaona kirikuu, na nyuma yake vijana sita au saba wamekalia kingo za bodi, mashavu yamevimba, wanapuliza. Watu watasema, "Matarumbeta hayo!" Kwa jina la kikundi wamepatia. Lakini tazama walichoshika: tarumbeta mbili, tromboni, ngoma kubwa, matoazi, na siku nyingine saksafoni. Hapo pana koo tatu za ala, na ile saksafoni inayong'aa kama sinia la shaba haina udugu wa damu na tarumbeta.

Nimeanza na saksafoni kwa sababu ndipo wazazi wengi wanapopotezea pesa. Nafundisha vijana kupuliza kanisani, upande wa Temeke. Mama mmoja wa Tabata alinijia na boksi jipya: mwanawe alikuwa amejifunza tarumbeta miezi minane, naye akampandisha daraja kwa kumnunulia saksafoni. "Si zote za shaba, mwalimu?" aliniuliza. Ilibidi nimweleze kwamba kijana anaanza upya, midomo na vidole, na kwamba mimi si mwalimu wa hiyo ala. Ningependa usifikwe na hilo. Swali moja tu litakuongoza dukani, mazoezini na hata nyumbani unapoitunza ala: ni nini kinachotetemeka?

Hatua ya kwanza: sahau umbo na rangi, tafuta mtetemo

Sauti yoyote ni kitu kinachotikisika haraka na kuitikisa hewa. Weka kidole kooni useme "mmm", utausikia mtetemo. Fanya vivyo hivyo kwa kila ala unayokutana nayo. Gitaa: uzi. Ngoma: ngozi. Matoazi: chuma chenyewe chote. Tarumbeta: midomo ya mpigaji, hapo hapo kwenye kikombe. Klarineti na saksafoni: kipande chembamba cha mwanzi ambacho wanamuziki wetu wanakiita ridi. Filimbi: pumzi iliyochanwa na ukingo wa tundu, kama unapopuliza mdomo wa chupa ya soda.

Orkesta ya Kizungu inagawa ala zake katika makundi manne: nyuzi, za kupuliza za mbao, za shaba, na za kupigwa. Majina ya mbao na shaba ndiyo yanayopotosha. Filimbi ya kisasa mara nyingi ni ya madini, hata ya fedha, tangu Mjerumani Theobald Boehm alipoisanifu upya mwaka 1847, lakini bado inahesabiwa ya mbao kwa sababu ya namna sauti yake inavyozaliwa. Mwaka 1914 wataalamu wawili, Erich von Hornbostel na Curt Sachs, walitoa mpangilio unaouliza swali lile lile letu: kinatetemeka mwili wa ala, ngozi, uzi au hewa? Uzuri wa mpangilio huo ni kwamba unazibeba ala za dunia nzima. Siwa ya Lamu, ile ya shaba, inapulizwa kwa midomo inayotetemeka, basi iko ukoo mmoja na tarumbeta. Zumari ya pwani ina ridi mbili zinazogongana, basi ni ndugu wa obo ya orkesta. Zeze la Wagogo linakwaruzwa kwa upinde kama fidla. Mtoto aliyekulia kwenye ngoma za kwao anazijua koo hizi tayari. Hajatajiwa tu majina ya ndugu wa mbali.

Hatua ya pili: nenda ukasikilize kabla hujafungua pochi

Usichague ala kwa picha ya simu. Dar ina mahali pa kuzisikia ukiwa umesimama mita tano.

Ukoo wa shaba uko makanisani. Makanisa mengi ya KKKT yana vikundi vya matarumbeta, desturi iliyoletwa na wamisionari wa Kijerumani. Utausikia pia kwenye bendi za polisi na jeshi siku za gwaride. Mizizi yake mjini ni ya zamani: baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia vyama vya beni, Marini na Arinoti, vilikuwa vikishindana hapa Dar kwa bendi na magwaride.

Saksafoni na magitaa yanakaa kwenye muziki wa dansi. Sikinde, yaani DDC Mlimani Park iliyozaliwa mwaka 1978, na Msondo Ngoma, iliyotokana na NUTA Jazz ya mwaka 1964, ni shule nzuri kwa sikio. Kaa upande wa wapulizaji, usikilize saksafoni na tarumbeta zinapojibizana na gitaa la solo. Fidla, besi kubwa ya kusimama na akodiani vinahitaji safari: panda boti uende Unguja ukasikilize taarabu ya asili. Nadi Ikhwan Safaa wapo tangu mwaka 1905, na chuo cha muziki cha DCMA kinafundisha tangu mwaka 2002. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa, na hapa mjini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha muziki.

Ukishafika, fumba macho, usikilize sauti inavyoanza na inavyokufa. Uzi uliodonolewa unaanza kwa nguvu na kufifia wenyewe. Uzi uliokwaruzwa kwa upinde unaweza kuanza kimya kabisa, ukanenepa, ukakaa. Shaba ikipulizwa kwa nguvu haiongezi sauti tu, inabadilika rangi pia, inakuwa kali na yenye kung'aa. Klarineti chini ina giza na juu ina uwazi, kama watu wawili ndani ya bomba moja. Fanya hivi mara tatu au nne na utaanza kuzitenga ala ndani ya wimbo wa redioni bila kuambiwa.

Hatua ya tatu: zijue koo zenyewe

Nyuzi za upinde ni ndugu wanne wanaofanana sura: fidla, viola, selo na besi. Fidla ina nyuzi nne, kutoka chini G, D, A, E. Viola ni pana kidogo na nzito sauti, C, G, D, A. Selo ina noti hizo hizo, chini zaidi kwa oktava moja, yaani noti nane. Besi inafuata mpangilio wa E, A, D, G, ule ule wa gitaa la besi la bendi, na ndiyo maana mpiga besi wa dansi akikabidhiwa ile ya kusimama hapotei. Upinde umefungwa singa za mkia wa farasi zilizopakwa rozini, kile kipande cha utomvu mkavu. Bila rozini upinde unateleza, ala inakuwa bubu. Wengi wanarudisha fidla dukani wakidhani ni mbovu, kumbe upinde haujapakwa kitu.

Ukoo wa mbao una matawi matatu. Filimbi hazina ridi. Klarineti na saksafoni zina ridi moja iliyofungwa juu ya mdomo wa ala. Obo na basuni zina ridi mbili. Saksafoni ilibuniwa na Adolphe Sax, Mbelgiji wa mji wa Dinant, akaisajili Paris mwaka 1846. Mwili aliufanya wa shaba, lakini mdomo ni wa ridi moja, na bomba linapanuka kama pembe. Upanuko huo una maana kubwa kwa mwanafunzi. Saksafoni ukibonyeza ufunguo wa oktava inaruka noti nane, vidole vinabaki vile vile. Bomba la klarineti lina upana ule ule karibu lote, kwa hiyo inaruka noti kumi na mbili, na vidole vya juu havifanani na vya chini. Mtu anayeanza na klarineti akahamia saksafoni hupumua, na anayefanya kinyume chake hutoa jasho. Kama kuna mwalimu wa klarineti karibu na mtoto ana subira, mimi ningeanza na klarineti.

Shaba ndiko kwangu, mniwie radhi nikikaa kidogo. Tarumbeta, honi, tromboni na tuba ni bomba refu lililokunjwa, kikombe upande mmoja na pembe upande wa pili. Bomba la tarumbeta likinyooshwa lina karibu mita moja na nusu, la tuba kubwa hupita mita tano. Bomba tupu linatoa noti chache tu, zile za tarumbeta ya kijeshi isiyo na vali, na unazibadilisha kwa kukaza na kulegeza midomo. Zamani mpigaji aliishia hapo. Kisha Wajerumani wawili, Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel, wakasajili vali mwaka 1818. Vali ni mlango unaoipitisha hewa kwenye kipande cha ziada cha bomba: ya pili inashusha nusu toni, ya kwanza toni nzima, ya tatu toni moja na nusu. Mchanganyiko wa vitufe vitatu na midomo unakupa noti zote. Tromboni yenyewe inarefusha bomba kwa mkono, ina vituo saba, na sikio ndilo linalokuambia umefika. Kwa mtoto mwenye sikio zuri na mkono mrefu, tromboni ni ala nzuri ajabu ambayo watu wanaipita kwa kuikimbilia tarumbeta.

Za kupigwa tunazijua. Niseme moja tu: zipo zenye noti maalumu, kama timpani, zilofoni na kengele, na zipo zisizo nayo, kama matoazi na ngoma kubwa. Anayetaka kupiga dramu bila kujifunza zile zenye noti anajifungia mlango wa orkesta.

Halafu kinanda. Neno letu hili moja linabeba ala za koo tofauti kabisa, na hapo wanunuzi huchanganyikiwa. Piano, aliyoibuni Bartolomeo Cristofori wa Florence karibu mwaka 1700, ina vibao 88, na kila kibao kinarusha nyundo ndogo ipige nyuzi. Ndani mna nyuzi zaidi ya 200, kwa hiyo piano ni ala ya nyuzi inayopigwa. Ogani ya mabomba ni ya hewa. Akodiani nayo ni ya hewa, ila ina ndimi ndogo za chuma zinazotikiswa na mfuko wa upepo. Kinanda cha umeme hakina kati ya hivyo, sauti yake inatengenezwa na saketi na kutokea spika. Vidole vinafanana, mguso haufanani. Mwanafunzi anayelenga piano anunue kinanda cha vibao 88 vyenye uzito. Kile chepesi cha vibao 61 kinamtosha anayesindikiza kwaya.

Hatua ya nne: pima mwili wa mtoto, nyumba na mtaa

Fidla inapimwa kwa mkono. Mtoto anyooshe mkono wa kushoto, upime kutoka shingoni hadi katikati ya kiganja. Akipata karibu sentimita 58 au zaidi, anapiga fidla kamili, 4/4. Kwenye 55 ni 3/4, kwenye 50 ni nusu, kwenye 46 ni robo. Usimnunulie kubwa kwa hoja ya "atakua nayo". Sare ya shule inaweza kusubiri mtoto akue, fidla kubwa inampinda mkono na bega.

Kwa shaba, subiri meno ya mbele ya utu uzima yatoke na kukaa vizuri, maana kikombe kinaegemea hapo. Kwa klarineti angalia kama vidole vinaziba matundu yote bila kuacha mwanya. Saksafoni ya alto ina uzito wa karibu kilo mbili na nusu na inaning'inia shingoni, kwa hiyo mtoto mdogo anunuliwe mkanda wa mabegani.

Na majirani. Nyumba za Sinza au Mwananyamala zimegusana kuta. Tarumbeta bila kizibo inasikika hadi mtaa wa pili. Nenda mwenyewe kwa jirani, umsalimie, umwambie mtoto anajifunza, mkubaliane saa. Nimeona hilo likiokoa masomo ya vijana watatu. Kizibo cha mazoezi kinasaidia, lakini mtoto asikitumie kila siku, atazoea kusukuma pumzi vibaya.

Hatua ya tano: kagua ala iliyotumika

Ukiwa Kariakoo au kwa mtu binafsi, anza na kile kinachotetemeka, kisha njia ya hewa au mwili, mng'aro mwisho. Nilijifunza kwa maumivu. Tarumbeta yangu ya kwanza niliinunua duka moja kwa sababu ilikuwa imesuguliwa vizuri, nikafika nyumbani vali ya tatu haipandi. Fundi aliponionyesha, kasha la vali lilikuwa limebonyezwa, na gharama ya kulinyoosha ilikaribia bei niliyonunulia.

Kwa tarumbeta, bonyeza kila kitufe haraka mara kumi. Kipande kikisita, acha. Chomoa vibomba vyote vya kutuni, yaani vya kulinganisha sauti, cha kila vali na kile kikubwa. Kisichochomoka kimeganda. Cha vali ukikivuta haraka bila kubonyeza vali yake kinapaswa kutoa mlio mfupi wa "pwa", dalili kwamba hewa haivuji. Tazama bomba linaloingia kutoka kwenye kikombe: madoa mekundu kama kutu yenye nukta ndani ni shaba inayolika, na haiponi. Mikwaruzo na rangi iliyobanduka isikutishe.

Kwa klarineti, tenga vipande vyake, ziba matundu yote ya kipande kimoja kwa vidole na mwisho wake kwa kiganja, kisha puliza taratibu. Hewa ikitoroka, vitakia vinavyoziba matundu vimekufa. Kwa saksafoni, washa tochi ya simu ndani ya bomba mahali penye giza, funga funguo zote, na mwanga usionekane pembeni mwa vitakia. Ulizia ridi pia kabla ya kulipa. Anayeanza anahitaji laini, namba 1½ hadi 2½.

Fidla iangalie daraja lake, kile kibao kinachobeba nyuzi: kisimame wima na kisiwe kimegundishwa. Chungulia kwenye tundu uione nguzo ndogo ndani. Waitaliano wanaiita roho ya ala, na ikianguka sauti inakufa kweli. Gonga kingo kwa kifundo cha kidole, pakitoa sauti ya kupwaya gundi imeachia. Gitaa litazame kutoka kichwani kama unayepima ubao kwa jicho, shingo isipinde. Halafu piga freti ya 12, ule ufito wa chuma shingoni, kwa kubonyeza, na tena kwa kugusa tu juu yake: noti mbili hizo zikitofautiana, gitaa halitatuni sawa popote. Kinanda cha umeme piga vibao vyote, kimoja kimoja, bila haya, na udai adapta yake halisi.

Hatua ya sita: itunze kwa hali ya hewa yetu

Unyevu wa Dar mara nyingi unapita asilimia 70, na ala za mbao hupenda kati ya 40 na 60. Pamoja na chumvi ya bahari, ndiyo sababu nyuzi za gitaa zinapata kutu Kigamboni upesi kuliko Dodoma. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, weka vipakiti vya silika ndani ya kasha, na usiache kamwe fidla au gitaa ndani ya gari lililoegeshwa juani. Gundi inalainika, daraja linaanguka.

Ridi iondoe, ifute, ilaze kwenye kitu bapa ikauke. Tumia tatu au nne kwa zamu. Vali za tarumbeta zitie mafuta yake maalumu kila unapopiga, mafuta ya kupikia yanaganda. Mara moja kwa mwezi ogesha tarumbeta kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, vali umezitoa. Mausipisi, kile kikombe cha kupulizia, ikikwama usiing'oe kwa koleo, utakunja bomba, kuna kifaa chake na mafundi wanacho. Piano itafutie fundi wa kuituni mara mbili kwa mwaka, na isikae ikitazamana na dirisha la upepo wa bahari. Ukisafiri kwa daladala au mwendokasi saa za jioni, kasha liwe gumu.

Hatua ya saba: kutana na wenzako

Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi hukwama. Kwaya zetu zinasoma kwa do re mi, mpiga kinanda anasema "tuko F", kijana anashika F kwenye tarumbeta na sauti zinagombana. Tarumbeta ya kawaida, klarineti ya kawaida na saksafoni ya tena ni ala za B flati: noti inayosikika iko chini ya ile unayoishika. Kinanda kikiwa F, hizo zishike G. Kikiwa C, zishike D. Saksafoni ya alto ni ya E flati: F ya kinanda kwake ni D, na C ni A. Filimbi, fidla, gitaa na tromboni hazihitaji hesabu hiyo, F yao ni F. Andika jedwali hilo kwenye kadi, ulibandike ndani ya kasha.

Kisha mtuni, na hapo koo zinaonyesha tabia zao. Saa saba mchana kwenye ukumbi wenye bati, hewa ndani ya tarumbeta imepata joto, sauti inasafiri haraka zaidi, na ala inapanda. Nyuzi za gitaa kwa joto lile lile zinalegea, zinashuka. Mkituni asubuhi na kuanza mchana mtakuwa mmeachana. Mwachie mpiga kinanda F yake ishikiliwe, puliza G yako laini, usikilize. Sauti ikipepesuka, vuta kibomba kikuu nje kidogo hadi itulie, mpe nafasi gitaa likaze nyuzi zake, halafu mwanzishe wimbo papo hapo.